Proklamasio ya Sahani

Nilipanda juu ya karai lililopinduliwa, kando ya robine, bomba la maji la avenyu yetu, mtaa wa Bigo, Bunia, nikasoma matokeo ya majirani kwa sauti ya prefe, mkuu wa shule. Huo ndio ujinga wangu, na nauweka hapa mwanzoni ili mtu asije kusema nimeuficha chini. Kila mama aliyekuwa kwenye foleni ya maji alipewa nafasi yake, wa kwanza hadi wa mwisho, kufuatana na sahani zake zilizokuwa kwenye makabati ya wenzake. Watu walicheka hadi bidoni za maji zikafurika bila mtu kuzitazama. Nilishuka kwenye karai nikiwa mtu mkubwa. Sikujua kwamba nilikuwa nimemaliza kuwaeleza watu wote, wema na wabaya, ni mlango gani mwanamke mmoja angeukimbilia siku ya kukimbia.

Lazima nieleze habari za sahani kwanza, maana mtu wa mbali anaweza kudhani ni vyombo tu.

Kwetu sahani hairudi bure. Mama akipika sombe, majani ya muhogo, anampelekea jirani kwenye sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, na jirani hawezi kuirudisha tupu. Ataiosha, ataiweka kabatini, na itakaa hapo hadi apate kitu cha kutia ndani: ndizi, maharagi, hata chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu kwamba umemalizana naye. Na kwa kuwa sahani zote zinatoka soko moja na zinafanana kama mapacha, kila mama anatia alama chini ya zake. Zetu zilikuwa na nukta mbili za rangi ya kucha. Za mama wa mlango wa bluu zilikuwa na mstari wa rangi ileile ya mlango wake, iliyobaki kwenye kopo baada ya marehemu mume wake kumaliza kupaka.

Vita vilipozidi, sahani zikaanza kulala muda mrefu nyumba za watu. Haikuwa chuki. Hapakuwa na cha kuweka ndani. Kasenyi, ambako samaki walikuwa wanapandishwa kwetu kila siku, ilikuwa imehamia mbali ghafla: samaki walikuwa kule chini ziwani, sisi huku juu, na katikati walikuwa watu wenye bunduki. Kabati letu lilijaa sahani za wengine hadi ungedhani tunaandaa harusi. Baba alikuwa Mambasa na biashara yake ya mbao, na barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunikemea kwa sauti nzito.

Fikra ya kuhesabu ilitoka shuleni. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu mwembamba ambaye koti lake lilikuwa na chaki kuliko ubao wenyewe, aliendelea kufundisha hata wakati nusu ya madawati yalikuwa matupu. Siku moja alichora nukta ubaoni: Bunia, Kasenyi, Mambasa, Komanda, Mahagi. Aliziita mafundo. Akaziunganisha kwa mistari, na juu ya kila mstari akaandika idadi ya malori yaliyokuwa yanapita kwa wiki zamani. Huo, alisema, ndio uzito wa mstari.

"Fundo gani limeunganishwa kuliko yote?"

Tukapiga kelele, Bunia, maana ilikuwa na mistari mingi.

"Mumehesabu mistari. Sasa mupime uzito. Mutu anaweza kuwa na mistari mingi kama uzi ya buibui, na mwingine anaweza kuwa na moja tu, lakini ni kamba. Nani ameunganishwa?"

"Yote mbili, mwalimu!"

"Unaweza kuchanganya. Kuna namna ya kuchanganya. Lakini hesabu haikuamulie kipi utakipa nguvu. Ile utaamua weye mwenyewe."

Mvulana mmoja aliyekuwa anakaa nyuma yangu, na aliyekuwa ananakili hesabu zangu hata zile nilizokosea, akasema, "Mwalimu, ya Mambasa andika zero. Njia imekufa."

Darasa likacheka. Mwalimu alitazama ubao kidogo, kisha akaufuta mstari wa Mambasa kwa kidole gumba. Siku hiyo peke yake sikucheka, lakini hakuna aliyeona, kwa sababu nilikuwa nimegeuka nikijifanya natafuta kalamu.

Nyumbani nikaanza kazi. Niliingia nyumba kwa nyumba na visingizio vya kila aina, kuomba moto, kuuliza saa, kumtafuta kuku ambaye hatukuwa naye, na kila mahali nilikwenda kwenye kabati nikapindua sahani kuangalia chini. Wamama walidhani nina njaa. Mmoja alinipa muhogo. Ukutani nyuma ya jiko letu nilichora nukta kwa makaa, kila nyumba nukta yake, na mistari kati yake, na uzito wa kila mstari ulikuwa sahani. Nikachanganya mistari na uzito kwa namna yangu, nikapata asilimia.

Mama alikuwa wa kwanza bila kuiba mtihani. Mistari yake ilikwenda karibu kila mlango, sahani moja hapa, mbili pale. Na mama wa mlango wa bluu, ambaye sisi watoto tulimwita tantine, yaani shangazi, alinishangaza. Ukihesabu mistari alikuwa chini kabisa, alikuwa nao mmoja tu. Lakini huo mmoja ulikuja kwetu, na ulikuwa mzito kuliko mstari wowote wa avenyu. Karibu sahani zake zote zilikuwa kabatini mwetu, na zetu nyingi kwake.

Nilichosahau kujiuliza ni mistari yake mingine ilikwenda wapi. Zamani alikuwa nayo. Yeye alizaliwa upande ule mwingine, kabila ambalo mwaka ule hukupaswa kuwa nalo katika avenyu yetu, na tangu mume wake afariki hakukuwa na mtu wa upande huu wa kusimama mbele yake. Wamama hawakumtukana. Walimrudishia sahani zake moja baada ya nyingine, kwa adabu, zikiwa na kitu ndani, kisha hawakutuma tena. Mama mmoja tu ndiye aliyemrudishia tupu kabisa: mama anayeuza makaa mwisho wa avenyu. Tangu siku hiyo wawili hao walikuwa wanapishana kama maji na mafuta. Mimi niliyaona yote hayo kama namba. Nilidhani ni hesabu tamu.

Basi nikapanda juu ya karai. Kwetu, mwisho wa mwaka prefe anasoma matokeo, ndiyo proklamasio, mbele ya wazazi wote, na wanafunzi wanajua sauti yake kama wanavyojua njaa. Nikakohoa kama yeye. Nikavaa miwani ya waya wa umeme.

"Proklamasio ya avenyu! Batu banyamaze! Wa kwanza, na grande distinction: mama yangu mimi! Hakuiba, hakunakili, sahani iko kila nyumba!"

Vigelegele. Nikaendelea, muuza mikate wa pili, fulani wa tatu, hadi nikafika kwa muuza makaa.

"Mama wa makaa: non classée, haiko na nafasi! Haiko hata na kifuniko ya sufuria kwa mutu!"

Akainua bidoni yake kichwani. "Miye non classée? Na mama yako anapikaka na makaa ya nani? Na mudomo yako?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikawanyamazisha kwa mkono, kama prefe.

"Ya mwisho ni mention spéciale, sifa ya pekee. Tantine ya mulango ya bluu! Mustari moja! Moja tu! Lakini ni mustari kama kamba ya kufunga ngombe! Siku mukimukosa kwake, musijichokeshe, musimutafute mbali: iko kwetu, katikati ya masahani yake!"

Tantine alicheka hadi akashika tumbo. Alikaa chini kwenye tope na kitenge chake kizuri, akafuta machozi, akasema, "Ee, mutoto huyu, ataniua na mucheko." Yule wa kunakili hesabu zangu alikuwa kwenye foleni na bidoni ya mama yake, naye alicheka, na alikuwa anajua kucheka. Baadaye kidogo aliacha shule. Tukasikia amekuwa kadogo, mtoto wa bunduki, kama wengine wengi.

Siku ambayo mji uligeuka, mambo yalianza asubuhi. Askari wa Uganda, waliokuwa wameushika mji, walikuwa wamefunga mizigo yao na kuondoka, na wenye bunduki waliobaki walikuwa wanagombania mitaa. Milio ilitoka upande wa soko, ikasogea, ikasogea tena. Mama aliwaweka wadogo zangu chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani na mwiko.

Tantine akaingia kupitia uzio wa nyuma. Alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni.

Mama akamshika mkono. "Ingia. Ingia ndani, haraka. Chumba ya watoto."

Tantine hakuingia. Alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama mimi. Hakuwa amekasirika, na hadi leo ningependa angekuwa amekasirika.

"Yaya, kwako hapana," alimwambia mama; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Namna gani hapana? Utaenda wapi?"

"Kwako bote banajua. Mutoto alishasoma."

Mama hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa. Nilitaka kusema kwamba ulikuwa mchezo, kwamba hakuna mtu anayekumbuka mchezo wa robine wakati kama ule, lakini ulimi wangu, ambao ulikuwa unajua kazi nyingi, haukujua hiyo. Mwanamke yule alikuwa na mlango mmoja tu duniani wa kuingia, na mimi ndiye niliyeufunga, huku nimevaa miwani ya waya.

"Basi wapi?" Mama alikuwa bado amemshika mkono. "Wapi?"

"Sijue, yaya."

Mama alifanya kitu ambacho mtu wa mbali angekiona ni wazimu. Alichukua bugali iliyokuwa kwenye sufuria na maharagi kidogo, akaweka kwenye sahani yetu, akafunika na nyingine, akampa. Huwezi kumtoa mtu nyumbani kwako mikono mitupu. Tantine akapokea kwa mikono miwili, akapinda goti kidogo kama inavyotakiwa, akatoka kupitia uzio. Hatukuona alielekea wapi. Milio ilikuwa tayari kwenye avenyu.

Walikuja watatu. Hawakuingia nyumba ya kwanza, wala ya pili. Walikuja kwetu moja kwa moja.

"Prefe! Uko?"

Nilimjua kabla ya kumwona: yule aliyekuwa ananakili hesabu zangu. Bunduki ilikuwa inampiga gotini anapotembea. Wenzake wawili walikuwa wakubwa, siwajui.

"Niko," nikasema.

"Tumekuja kwa mwenye mustari moja. Ulisema tusijichokeshe."

Mama akasema, "Haiko hapa."

Wakubwa wakaingia vyumbani. Nikasikia kitanda kinapinduliwa na wadogo zangu wanalia. Yeye alibaki na sisi jikoni. Akafungua kabati, akaanza kupindua sahani moja moja na kuangalia chini, vilevile kama nilivyofanya mimi, maana nilikuwa nimemwonyesha darasani jinsi ya kusoma alama.

"Bluu. Hii, bluu. Hii tena. Masahani iko, mwenyewe iko wapi?"

"Sijue," akasema mama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tupu, na haikuwa na faida yoyote.

"Bongo, unadanganya."

Akaachia sahani ikaanguka. Akachukua nyingine. Kila moja aliuliza, kila moja mama alijibu vilevile, kila moja ikaanguka. Kisha akanigeukia mimi.

"Weye njo mwenye kuchekesha. Tuchekeshe. Sema kitu."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitafuta. Nilitafuta mzaha wowote, hata ule wa kuku, kitu cha kumfanya awe tena mtu wa dawati la nyuma. Hakukuwa na kitu mdomoni, hata mate. Nilisimama pale mdomo wazi kama samaki wa Kasenyi juu ya meza ya soko, na yeye akanisubiri kwa kweli, kama mtu anayetaka sana kucheka.

Sahani ya mwisho ilikuwa mkononi mwake. Mama akasema polepole, "Mutoto yangu, wakati ya kilio ya baba yako, mama yako alikula ndani ya hii sahani. Tantine njo alimuletea."

Hakuivunja. Aliiangalia chini, kwenye mstari wa bluu, akaiweka juu ya kabati bila kelele. Lakini mmoja wa wakubwa alikuwa ametoka chumbani mikono mitupu, na mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka hivyo hivyo. Alimpiga mama kofi lililomkalisha chini kwenye vigae vya sahani. Akabeba gunia la unga na redio. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama. Sikusogea. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu.

Kupitia ufa wa dirisha niliona nyumba ya tantine ikimalizwa, kwanza vitu, kisha mabati. Mwisho kabisa mtu mmoja alipita amebeba mlango wa bluu kichwani, na watoto wawili wanamfuata.

Tulikaa ndani hadi milio ikahamia mitaa mingine. Mama alifagia vigae, akakanda mashavu yake kwa maji ya chumvi. Kuhusu robine hakusema neno. Nilingoja aseme. Nilifuta ukuta wa nyuma ya jiko kwa tope na majani, na bado ukiangalia kwa pembeni mistari ilikuwa inaonekana. Hatukujua kama tantine yuko hai, na hatukuweza kumuuliza mtu bila kumtia na yeye kwenye hatari ya kuulizwa.

Kisha siku moja mchana muuza makaa akapiga hodi. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa na nyingine. Akaiweka mezani, akapindua ile ya juu: nukta mbili za rangi ya kucha. Ndani ya ile ya chini kulikuwa na makaa, vipande vizuri, vizito, vilivyochaguliwa.

Mama akakaa kwenye benchi.

"Alikuja kwangu," akasema muuza makaa. "Nilishangaa. Siye hatusemeshane. Nilitaka kumufukuza."

"Na haukumufukuza?"

"Alikuwa na sahani mukononi, imejaa. Mutu akikuja kwako na sahani imejaa, utamufukuza namna gani? Nikamulalisha nyuma ya magunia. Tukakula ile bugali siye wawili, bila kusemeshana."

"Sasa yeye iko wapi?"

Muuza makaa alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa mikono ile haijawahi kuwa safi.

"Alisikia banapitia parseli kwa parseli, nyumba kwa nyumba. Akasema hataniletea kifo. Batu balikuwa banapita na mizigo, banashuka kwenda Kasenyi, kutafuta mutumbwi. Akaingia katikati yabo. Njo kule maneno yangu inaishia. Batu benye balirudia kule banasema fulani alifika, fulani hakufika. Yeye, hakuna mwenye alimuona."

Aliposimama kuondoka akanigonga paji la uso kwa kidole, kikaacha alama nyeusi.

"Na weye, prefe? Sasa miye ni wa ngapi?"

Nikamfungulia mlango, alama ikiwa bado usoni. 

Shule imefunguliwa tena, nusu yake. Mwalimu yupo, koti ni lilelile. Aliporudia somo la mafundo nilinyosha mkono, na wenzangu wakageuka tayari kucheka, maana mkono wangu ukinyoshwa huwa kuna vituko. Nikauliza: fundo likitoka, na hatujui limekwenda wapi, uzito wa mstari wake unaandikwa kwa nani? Mwalimu alifikiri. Akasema kwamba katika hesabu, fundo likitoka unaliondoa na mistari yake yote, kisha unaanza upya na yaliyobaki. Alisema hivyo bila kututazama. Wenzangu walingoja sehemu ya kuchekesha, haikuja, wakarudi kwenye madaftari yao.

Lakini nilitaka kuandika alichosema mama.

Ilikuwa jioni ya siku ileile ya makaa. Aliwasha moto kwa makaa yale, akapika bugali ya unga tuliopewa msaada, akapakua. Sahani ya mstari wa bluu, ile moja iliyopona, aliiosha, akaifuta, akairudisha kabatini tupu, peke yake kwenye rafu. Mimi nilikuwa nimekaa bila kugusa chakula, nangoja kipigo au matusi, chochote, ningekipokea kwa mikono miwili. Mama alikula matonge mawili. Akatazama mlango wa jiko, pale tantine alipokuwa amesimama. Kisha akasema:

"Siku ile ku robine, yeye njo alicheka kupita siye bote. Kula, bugali inapoa."